Wiki Hii Usije

Yeye ni muuguzi wa zahanati ya kijiji. Mume wake ni mwalimu, wilaya ya jirani. Ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo mwanzoni mwa 2025, ndoa yao ya wikiendi nayo iliingia kwenye kipimo. Anasimulia mwenyewe.

Ijumaa, Januari 24, 2025, saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa kitandani kwenye nyumba ya watumishi, kipimajoto kwapani, simu mkononi, naandika meseji ya kumdanganya mume wangu. Niliandika hivi: "Baba, wikiendi hii kazi zimebana, sitaweza kuja. Nawapenda." Kabla sijaituma, yake ikaingia. Maneno matatu tu.

"Wiki hii usije."

Jamani, nililia! Mimi ambaye sikuwa na mpango wa kwenda, mimi ambaye nilikuwa natafuta uongo wa kubakia, nililia kama mtoto anayechomwa sindano yake ya kwanza. Ngoja nianze mwanzo ili tuelewane.

NDOA YA WIKIENDI

Zahanati yetu iko upande wa wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, si mbali na barabara kuu ya malori yanayokwenda mpakani Rusumo. Mume wangu anafundisha sekondari Ngara. Binti yetu wa miaka mitatu anakaa na baba yake pamoja na mama mkwe, kwa sababu zamu zangu hazina saa. Kila Ijumaa nikitoka kazini napanda Hiace mpaka Benaco, nabadilisha gari, naingia Ngara giza limeshaanza. Jumapili mchana narudi. Hayo ndiyo maisha yetu, na najua wasomaji wengi mnayaishi: mmoja kapangiwa huku, mwingine kule, na mapenzi yanakaa ndani ya simu.

Watu wakisikia nesi wa kijijini wanafikiria sindano na panadoli. Si mchezo, mpenzi msomaji! Siku ya kliniki ya mama na mtoto, saa moja asubuhi benchi limeshajaa. Watoto wanapimwa uzito kwenye mzani wa kuning'inia, wanapiga kelele kama wanauzwa. Kuna chanjo za kutoa, na ya surua na rubela ina tarehe zake mbili, miezi 9 na miezi 18, ambazo akina mama wa mashambani huzisahau msimu wa kilimo. Kuna wajawazito wa kupima damu, mkojo na presha, na wenza wao wa kubembeleza waingie ndani wapime virusi vya UKIMWI pamoja. Kuna siku za huduma ya mkoba, unapanda bodaboda na kibebeo cha chanjo mapajani kufuata vitongoji vya mbali. Na jioni, miguu ikiwa imevimba, unakaa kujaza vitabu vya MTUHA, kwa sababu kama hukuandika, basi hukufanya.

Lakini nikiulizwa kazi yangu hasa ni nini, nitasema ni kuwashawishi watu waseme mapema. Mama, mtoto ameharisha tangu lini? Baba, hicho kikohozi kina wiki ngapi? Dada, hedhi ya mwisho uliiona lini? Ukisema mapema nakusaidia kirahisi. Ukificha, tunakutana usiku wa manane tunatafuta gari. Hotuba hiyo nimeitoa chini ya miembe mingi. Kumbe mwenyewe nilikuwa siifuati.

UGONJWA WA NG'AMBO YA DARAJA

Septemba 27, 2024, Rwanda ilitangaza kwamba ina wagonjwa wa Marburg. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya redioni. Kwa mtu wa Ngara, Rwanda ni ng'ambo ya daraja la Rusumo. Mpaka ugonjwa ule unatangazwa kwisha Desemba 20, 2024, watu 66 walikuwa wameugua na 15 kufariki. Kilichoninyima usingizi ni jambo moja: wengi wa wagonjwa wale walikuwa wahudumu wa afya. Watu kama mimi.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Marburg ni ndugu wa Ebola. Virusi vyake hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini, na vikishamwingia binadamu vinakwenda kwa mwingine kupitia damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, hata shuka alilolalia. Haviruki hewani kama mafua. Dalili zinaweza kuanza siku ya 2 mpaka ya 21 baada ya kuambukizwa, na mwanzoni unaweza kuapa ni malaria: homa kali, kichwa, mwili kuchoka, kutapika. Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa, ila mgonjwa akiwahiwa, akapewa maji na uangalizi wa karibu, nafasi yake ya kupona inaongezeka.

Kagera tulishaionja mara moja. Machi 2023 ugonjwa huu ulitangazwa kwa mara ya kwanza nchini, kule Bukoba Vijijini. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki. Halafu Januari 20, 2025, siku ya Jumatatu, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa Marburg imethibitishwa Biharamulo. Biharamulo yangu!

Usiku ule mume wangu alinipigia simu mara tatu. "Uko salama?" "Niko salama." "Vifaa mnavyo?" "Tunavyo." "Unanificha kitu?" "Nikufiche nini, bwana? Lala."

ALHAMISI ILE

Siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, bodaboda ilisimama mlangoni. Mgonjwa alikuwa katikati, dereva mbele, mke wake nyuma akimshikilia asianguke. Homa kali, macho mekundu. Nilikuwa na glovu na barakoa, lakini gauni la kujikinga lilikuwa bado ndani ya boksi. Nilipomshika bega akae, akatapika. Sehemu ikaniangukia kwenye mkono, juu kidogo ya glovu.

Kuna ukimya fulani ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada ya hapo. Wagonjwa wote kwenye benchi walisimama na kurudi nyuma. Mganga mfawidhi akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, toka polepole, nenda kanawe." Nikanawa kwa sabuni na maji ya klorini mpaka ngozi ikauma. Simu zikapigwa wilayani. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, lakini sote tulijua kwamba mtu anaweza kuwa na malaria na hicho kingine kwa wakati mmoja. Mgonjwa akabaki peke yake kwenye chumba cha pembeni kusubiri timu ije na gari.

Nilimweleza mke wake kwa umbali kwamba asiingie, asimguse mumewe, asifue nguo zake. Nilitegemea vita, maana kwa mila zetu mke anayekaa mbali na mume mgonjwa anatangazwa kijiji kizima. Yule mama alikaa kimya, kisha akauliza, "Dirishani naruhusiwa kusimama?" Nikamwonyesha pa kusimama, hatua kadhaa kutoka ukutani. Basi alisimama pale juani zaidi ya saa tatu, anamhadithia mumewe kwa sauti kubwa habari za nyumbani. Mbuzi amezaa. Jirani amerudisha jembe. Maharage yameanza kutoa maua. Kila baada ya muda anamwita jina, na mgonjwa anaitikia. Nikapita karibu, akaniambia, "Sista, naogopa kweli. Nimemwambia na yeye kwamba naogopa. Kaniambia hata yeye."

Timu ilipofika ikamchukua mgonjwa kwenda sehemu ya kuwatenga wahisiwa, na sisi tuliomgusa tukaandikwa majina. Nikaambiwa nikae chumbani kwangu, nijipime joto asubuhi na jioni, nisisafiri mpaka majibu yatoke.

Jioni mume wangu akapiga. "Siku ilikuwaje?"

"Kawaida tu," nikajibu.

Unaona sasa? Mimi, bingwa wa "semeni mapema"!

MANENO YANAYOCHOMA

Sikumwambia kwa sababu nilimhurumia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa kusikia hofu yake, maana ningeisikia ningeanza kuamini ya kwangu. Nikaona bora niseme uongo mdogo wa kazi kubana, majibu yakitoka tutacheka pamoja.

Nilisahau kwamba barabara ya Benaco ina masikio. Dereva wa bodaboda alimwambia dereva wa Hiace, wa Hiace akamwambia konda, na kabla ya saa sita Ijumaa mwalimu mmoja alimfuata mume wangu na kumuuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, tumesikia mkeo katapikiwa na mgonjwa wa Marburg. Ni kweli?" Yeye hakuwa na jibu. Mke wake alikuwa amemwambia siku ilikuwa kawaida.

Ndipo akaandika yale maneno matatu.

Majibu ya kwanza ya yule mgonjwa yalisema hana Marburg. Kwa kuwa mtu akipimwa mapema mno virusi vinaweza visionekane, akapimwa tena, na Jumanne Januari 28 tukapata majibu ya pili: hana. Ilikuwa malaria kali. Akaendelea na matibabu, akarudi kwake kwa mbuzi wake na maharage yake. Mimi nikatoka chumbani, nikampigia mume wangu kwa shangwe. Alishukuru Mungu, nilisikia kabisa sauti yake ikitetemeka. Lakini Alhamisi akaniambia, "Mama bado hajatulia. Tuvumilie na wiki hii."

Hapo nikapandisha. Nikamwambia nimeshapewa majibu, yeye ni mwalimu, haelewi majibu ni nini? Nikamwambia mke wa mkulima asiyejua kusoma alisimama juani saa tatu kwa ajili ya mumewe, yeye hata kuniona hataki. Nikamalizia na neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Kumbe ulioa mshahara wangu, mimi mwenyewe hunihitaji."

Akanyamaza. Halafu akakata simu. Katika miaka mitano ya ndoa hajawahi kunikatia simu.

MWISHO WA BENCHI

Jumamosi, Februari 1, nilikuwa zamu peke yangu. Pikipiki ikaingia uani, nikajua huyo mgonjwa. Akavua helmeti. Alikuwa mume wangu, vumbi mpaka kwenye kope. Akanawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni kama bango linavyoelekeza, akachukua hotipoti kwenye pikipiki, akaja kukaa kwenye benchi la kliniki. Alikaa mwisho kabisa. Mimi nikakaa mwisho wa pili. Hotipoti katikati yetu, ndizi na maharage.

"Nimekuja kukuona," akasema. "Ila sijaacha kuogopa. Usinitake niseme siogopi."

Kisha akaniambia yote. Kwamba shuleni chai ya saa nne ananywa peke yake, wenzake wamehamia meza nyingine. Kwamba mama yake alikuwa Ngara mwaka 1994, Aprili ile watu zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo kwa siku moja na usiku wake wakikimbia mauaji ya Rwanda. Aliona kambi ya Benaco ikijaa, aliona maradhi na makaburi, na tangu hapo akisikia neno "mlipuko" anafunga milango. Kwamba kila binti yetu akipata joto usiku, anakaa naye mpaka kuche.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Na wewe mbona hukuniambia?" akauliza. "Nilisikia kwa watu, mke wangu. Mimi sikuogopa ugonjwa kama nilivyoogopa kwamba sijui kinachokupata. Nilijiuliza, kama hili kalificha, mangapi mengine? Ndiyo maana nikaandika usije. Ningejua, ningesema tukae hivi na hivi mpaka majibu yatoke. Lakini sikuwa na cha kuhesabu."

Neno hilo lilinigonga. Sikuwa na cha kuhesabu. Katika kazi yetu, kinachowatuliza watu wakati wa mlipuko si kuambiwa hakuna hatari. Ni kupewa hesabu: siku 21 tangu ulipomgusa mgonjwa, ukipita salama uko huru. Siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho, zikipita bila mgonjwa mpya, mlipuko umekwisha. Mtu akiwa na taarifa za kweli na tarehe ya kushika, hofu yake inapata mipaka. Nilimpa hesabu hiyo kila mwanakijiji aliyeniuliza. Mume wangu nilimpa "kawaida tu".

Nikamwomba radhi, kwa uongo wa Alhamisi na kwa lile neno la mshahara. Na yeye akaomba radhi kwa kukata simu. Kisha tukapakua chakula, kila mmoja na sahani yake. Mgonjwa mmoja alipoingia na kutuona, akasema, "Sista, mbona mmekaa kama mnadaiana?" Tukacheka wote watatu.

SABUNI YA MAMA MKWE

Siku ile tulipanga mambo, na mpaka leo tunayashika. Kwanza, nikipata ajali kazini, iwe tone la damu au sindano kunichoma, anajua siku hiyo hiyo. Simtajii mgonjwa, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Namtajia kilichonipata mimi. Pili, yeye akiogopa anasema "naogopa", hatoi amri. Tatu, tunataja tarehe: tunasubiri mpaka lini, na baada ya hapo iweje. Nne, mama anaelezwa na mimi mwenyewe, kwa heshima zote, si kupitia kwa mtu.

Nilimpigia mama mkwe jioni ile ile. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza kila kitu, mpaka mkono ulipochafuliwa. Akanyamaza, kisha akauliza swali moja la maana kuliko yote niliyoulizwa mwezi ule: "Ukija, nikuandalie nini ili sote tukae kwa amani?"

Ijumaa Februari 7 nilifika Ngara usiku. Uani, kabla ya mlango, nilikuta ndoo ya maji ya moto, kipande kipya cha sabuni, na kitenge safi kimetandikwa juu ya kiti. Mama mkwe alikuwa amesimama kibarazani na taa. "Oga kwanza, vaa hicho, hizo za safari zitaloweka," akasema. Kama angenifanyia vile wiki mbili kabla, bila mazungumzo, ningesema ananitenga. Siku ile niliona ni mapokezi. Nilipomaliza kuoga, binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni, mikono juu, anataka kubebwa.

Machi 13, 2025, serikali ilitangaza kuwa Marburg imekwisha Biharamulo. Kwenye hesabu rasmi walikuwa watu 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kutokana na dalili na ukaribu wao. Wote kumi walifariki. Naandika haya nikiwakumbuka, kwa sababu kwangu mimi hadithi iliishia kwenye ugomvi na hotipoti, na kwao haikuishia hivyo.

KAMA MWENZA WAKO ANAFANYA KAZI YA HATARI

Si wauguzi tu. Kuna askari, madereva wa malori, wachimbaji wadogo, mafundi wa umeme. Wote tuna tabia moja mbaya: tukirudi nyumbani tunasema "kawaida tu". Tunadhani tunamlinda mwenza, kumbe tunamwacha gizani, na gizani mtu huona mizimu. Na ninyi mnaobaki nyumbani, hofu yenu si aibu wala si upungufu wa mapenzi. Ila isemwe ikiwa bado mbichi. Ikilala siku mbili inaamka ikiwa amri, na amri inaamsha ugomvi.

Siku hizi Ijumaa mume wangu bado ananitumia meseji ya maneno matatu. Inaingia mapema, hata kabla sijamaliza kujaza MTUHA.

"Leo ilikuwaje? Sema."

Nami nasema. Na wewe, msomaji, mara ya mwisho mwenzako alipokuuliza siku yako ilikuwaje, ulimjibu nini?